Upande wa Kushoto

Mimi niliijua kwa tahiyatu.
Miaka thelathini na moja nasali nyuma ya Famau,
najua anavyotua katika kikao cha mwisho:
ubavu wa kushoto, mzima mzima,
kama gunia la mchele limefika dukani.
Jumanne ile, isha, aliketi kulia.
Akatoa salamu upesi
kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Nikamuuliza. Akasema, "Riahi."

Neno hilo, huku kwetu Langoni,
ni kama kidaka cha ukutani: kila kitu hutiwa humo,
ufunguo, risiti ya umeme, kifo.

Jumatano hakuugusa mkate wa mofa.
"Yeo sitaki."
Choo, siku ya tatu, hakijafunguka.
Alikaa dakani na kofia yake mapajani,
tobo moja, apumzike,
tobo jingine, apumzike,
na mawili ya mwisho yakatoka makubwa kuliko ndugu zake.
Asiyejua kofia angesema ni macho ya uzee.

Bi Mwanashee akaingia bila hodi.
"Chango hilo. Mpe sanamaki, literemke."
Nilimpa. Siandiki hapa kujitetea:
nilimpa kikombe kimoja, na nusu ya cha pili.
Hakikuteremka kitu ila jasho.

Usiku nikaweka kiganja.
Kulia, tumbo. Tumbo la mume, nalijua.
Juu ya kitovu, tumbo.
Chini, kushoto, karibu na mfupa wa nyonga,
alinikamata mkono kabla sijabonyeza.
Mwili unawaka, naye anaomba shuka la pili.
Hapo nikaliacha neno riahi.
Riahi huja ikaenda, hutembea,
leo mbavuni, kesho mgongoni, ina miguu.
Hili lilikuwa limepanga chumba
na kodi limelipa.

Kabla ya adhana nikambishia Shali mwenye punda.
Hospitali si mbali, ila kila jiwe lilimfikia.
Punda akikanyaga, Famau anafumba macho,
punda akisimama, anafumbua.
Nilitembea ubavuni pake nikisoma kope.
Tabibu, binti wa Kipate, Rukiya jina lake,
alipouliza, "Akitikisika huzidi?"
nikamjibu, "Muulize punda."

Vipimo, damu, picha ya tumbo.
Kisha akachora nyuma ya fomu:
utumbo mpana kama mkono wa kanzu,
na pale kitambaa kilipolegea
vijifuko vimetuna kwa nje, vidogo, mfano wa njegere.
Wengi, akasema, huzikwa navyo wasijue.
Ila kimoja kikivimba, kikaingia maradhi,
ndiyo haya: kushoto, chini, homa, choo kugoma.
Famau, mpira wa dripu mkononi,
aliutazama mchoro kwa jicho la fundi.
"Na nani aliyeitia mifuko hii
bila kuuliza mwenye nguo?"
Nikacheka. Naye alianza, kicheko kikamchoma, akakirudisha.

Rukiya hakucheka.
Lingekuwa limekauka kama ubao, akasema,
angekuwa anatapika, pumzi ya chini haitoki,
au damu imeonekana chooni,
tusingekuwa tunaongea hivi.
Halafu, bila kunitazama:
"Na dawa ya kuendesha, asipewe tena."
Nilishika ncha ya buibui yangu
nikaikunja, nikaikunja.

Siku ya tisa nyumbani, magharibi.
Rakaa ya tatu, akaenda chini.
Nisamehewe, macho yangu hayakuwa mahali pa kusujudia.
Akatafuta kushoto, polepole,
kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.
Akatua.
Tahiyatu yangu mwenyewe sikumbuki kama niliimaliza.

Kesho yake Bi Mwanashee kaja, anataka habari.
Nikamweleza yote: vijifuko, kushoto, chini,
maumivu yasiyohama, homa, tumbo kukataa mkono.
Alisikiliza mpaka mwisho, kahawa ikapoa.
"Ehee," akasema.
"Chango la kushoto."